Jinsi ya Kuendesha Jaribio la Mlo Mtandaoni kwa Ajili ya Kinga ya Saratani kwa Vijana

Kwa muda mrefu saratani ya utumbo mpana ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wazima waliokwisha kuvuka miaka 50. Tangu miaka ya 1990 picha hiyo imebadilika. Katika nchi nyingi zenye kumbukumbu nzuri za saratani, wagonjwa wenye umri wa chini ya miaka 50 wanaongezeka, na baadhi ya nchi hizo zinaona ongezeko hilo huku ugonjwa ukipungua kwa wazee. Marekani, jopo la kitaifa la miongozo ya uchunguzi lilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kijana wa miaka 28 bado yuko mbali na umri huo. Anachoweza kubadilisha leo ni kile anachokula, na ana haki ya kuuliza kama mabadiliko hayo yanafaa kitu.

Tunajua mambo kadhaa. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2016 likatangaza kuwa unene uliokithiri unahusiana na aina 13 za saratani. Utafiti wa wauguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake waliokunywa vinywaji vyenye sukari mara mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari takribani maradufu ya kupata saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 50, wakilinganishwa na waliokunywa chini ya mara moja kwa wiki. Lakini ushahidi mwingi wa namna hii unatokana na kuwafuatilia watu na kuandika wanachokula. Anayekula kunde na nafaka zisizokobolewa mara nyingi ndiye huyohuyo afanyaye mazoezi, asiyevuta sigara na anayelala vizuri, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kimemsaidia. Kugawa watu kwa nasibu, yaani kama kwa kupiga kura, ndiyo njia ya kutenganisha mambo hayo. Na vijana, ambao hawana muda wa kwenda kliniki kila mwezi lakini simu haiwatoki mkononi, wanafikika mtandaoni. Ufaransa imekuwa ikiendesha utafiti mkubwa wa lishe, NutriNet-Santé, kupitia intaneti tangu mwaka 2009, kwa hiyo hakuna tena haja ya kubishana kama jambo hili linawezekana.

Mwongozo huu ni kwa mtafiti, mwanafunzi wa uzamili, mtaalamu wa lishe au daktari anayetaka kuanzisha jaribio lake.

Hatua ya 1: Kubali kwamba hutahesabu saratani

Hapa ndipo majaribio mengi hupotea kabla hayajaanza, kwa hiyo fanya hesabu kwa mkono wako. Chukulia kwamba katika kundi la umri unaolilenga, watu 10 kati ya 100,000 hupata saratani ya utumbo mpana kila mwaka. Ukiandikisha watu 10,000 na kuwafuatilia kwa miaka 5, utakuwa na miaka-watu 50,000, yaani idadi ya watu mara idadi ya miaka. Wagonjwa utakaowategemea ni 5. Wagawe katika makundi mawili, halafu tuseme mlo wako una nguvu ya ajabu na unapunguza ugonjwa kwa nusu: utabaki unalinganisha wagonjwa wawili au watatu upande mmoja na mmoja upande wa pili. Hakuna mtakwimu atakayekusaidia kutoka hapo.

Majaribio makubwa ya watu wenye umri mkubwa zaidi nayo yana la kutufundisha. Women's Health Initiative ya Marekani iliandikisha wanawake 48,835 wa miaka 50 hadi 79, ikawapa asilimia 40 kati yao mpango wa kupunguza mafuta na kuongeza matunda, mboga na nafaka, ikawafuatilia kwa takribani miaka 8. Saratani ya utumbo mpana haikupungua. Jaribio jingine, lililotolewa mwaka 2000, liliwachukua watu 2,079 waliokwisha kuondolewa vinyama vya utumbo (polipu), ambavyo baadhi hugeuka saratani, na kuwapa baadhi yao mlo wenye nyuzinyuzi nyingi kwa miaka 4, na vinyama vilirudi kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili. Sisomi matokeo hayo kama ushahidi kwamba mlo hauna kazi. Huenda watu walianza wamechelewa, huenda mabadiliko yalikuwa madogo kuliko walivyoripoti, huenda miaka ilikuwa michache. Mashaka hayo yote ni sababu ya kuwafanyia vijana majaribio mapema, na pia ni sababu ya kutowaahidi kinga ambayo hutaweza kuithibitisha.

Unachoweza kupima ni viungo vya kati vya mnyororo. Kiungo cha kwanza ni mlo wenyewe: je, watu wamebadilisha wanachokula, na wameendelea nacho? Cha pili ni mwili: uzito, mzunguko wa kiuno, sukari ya damu, dalili za uvimbeuchungu (inflamesheni), bakteria wa utumbo na asidi wanazozalisha, kama vile butireti inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 uliwabadilishia mlo Wamarekani 20 weusi na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki 2 tu, kila kundi likila chakula cha aina ya wenzao, na viashiria vya hatari kwenye ukuta wa utumbo vikabadilika kwa pande zote mbili. Utumbo hujibu upesi, na hilo linakupa nafasi ya kupata jibu ndani ya miezi.

Chagua kipimo kimoja kikuu. Kimoja tu. Vingine vyote viandike kama vya ziada, kabla hujamwandikisha mshiriki wa kwanza.

Hatua ya 2: Buni mlo unaoelezeka kwa sentensi moja

"Kula vizuri" si mlo wa jaribio. "Ongeza nusu kikombe cha kunde zilizopikwa kila siku na badilisha nafaka zilizokobolewa kwa zisizokobolewa, kwa wiki 12" ni mlo wa jaribio. Mshiriki anauelewa, unaweza kuupima, na mtafiti mwingine anaweza kuurudia. Nusu kikombe cha dengu zilizopikwa hutoa takribani gramu 7 hadi 8 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo kipande hicho kimoja ni karibu theluthi ya safari.

Anza taratibu. Mtu aliyezoea nyuzinyuzi kidogo akiongezewa ghafla atajaa gesi, atavimbiwa, na wiki ya pili utakuwa umempoteza. Mpangie kiasi kinachopanda kila wiki, na mkumbushe kunywa maji.

Vidonge vinashawishi kwa sababu ni rahisi kuvituma na ni rahisi kutengeneza vya kufanana navyo visivyo na dawa. Tahadhari. Jaribio la wavutaji sigara wanaume 29,133 nchini Ufini, lililotolewa mwaka 1994, lilitarajia vidonge vya beta-karotini, kirutubisho kinachopatikana kwenye karoti, vizuie saratani ya mapafu. Waliopewa walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Kirutubisho kinachoonekana kizuri ndani ya chakula si lazima kiwe salama ndani ya kidonge, na kwa vijana wenye afya kiwango cha madhara unachoweza kukivumilia kiko chini sana. Mimi ningebaki na chakula.

Kundi linganishi lipe kitu cha maana, si ukimya. Mwongozo wa kawaida wa lishe na ahadi kwamba watapata programu nzima jaribio likiisha vinatosha, na vinapunguza hasira ya kupangiwa "upande usiofaa". Kuficha kundi haiwezekani mtu anapopika mwenyewe, lakini anayepima sampuli maabara na anayechambua takwimu wanaweza kufichwa. Wafiche.

Hatua ya 3: Hesabu washiriki

Tuseme kipimo chako kikuu ni gramu za nyuzinyuzi kwa siku, unatafuta tofauti ya gramu 4 kati ya makundi, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana, ni gramu 8. Kanuni ya haraka kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo: zidisha 16 kwa mraba wa mkengeuko, gawa kwa mraba wa tofauti. Yaani 16 × 64 ÷ 16, unapata watu 64 kila kundi. Mtandaoni watu hujitoa kwa wingi, basi ukikadiria kwamba asilimia 30 wataondoka, gawa 64 kwa 0.7, upate 92 kila kundi. Mpe mtakwimu aihakiki kabla hujaiandika kwenye andiko, hasa kama utapima mara kadhaa kwa mtu yuleyule.

Hatua ya 4: Kibali, usajili na faragha

Andaa andiko la utafiti kwa kufuata SPIRIT, mwongozo wa kuandika maandiko ya majaribio uliohuishwa mwaka 2025, peleka kamati ya maadili, kisha sajili jaribio kwenye rejista ya umma kabla ya mshiriki wa kwanza. Tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba hayachapishi jaribio lililosajiliwa baadaye. Kama washiriki wako wako nchi zaidi ya moja, kila nchi ina sheria yake ya takwimu binafsi na huenda ikahitaji kibali chake.

Ridhaa ya mtandaoni isiwe ukurasa mrefu wenye kisanduku kimoja chini. Igawe katika kurasa fupi na uweke maswali matatu ya kuhakikisha mtu ameelewa, mojawapo likiwa hili: "Je, mlo huu unakuhakikishia hutapata saratani?" Anayejibu ndiyo arudishwe kwenye maelezo.

Majina na mawasiliano yakae kwenye hifadhi moja, majibu ya maswali kwenye nyingine, na kiunganishi kiwe namba tu. Mfumo wa kukusanya takwimu kama REDCap, ulioanza Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, unafanya kazi hiyo vizuri na vyuo vingi tayari vinautumia. Jambo moja linalosahaulika: ondoa vifuatiliaji vya matangazo kwenye kurasa za utafiti. Kampuni ya matangazo haina haki ya kujua kwamba kijana fulani amefungua dodoso la saratani.

Hatua ya 5: Kuchuja, na dalili ambazo hazingoji

Dodoso la kuchuja liulize umri, ujauzito na kunyonyesha, magonjwa ya utumbo kama Crohn, kuwahi kufanyiwa upasuaji wa utumbo, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, mzio wa vyakula, na historia ya saratani katika familia. Mwenye ndugu wa karibu aliyeugua akiwa kijana anahitaji kuongea na daktari kuhusu vipimo, awe anaingia kwenye jaribio au haingii.

Uliza pia kuhusu matatizo ya kula. Miongoni mwa vijana haya si mambo ya nadra, na jaribio linalomtaka mtu aandike kila anachoweka mdomoni linaweza kumrudisha mahali alipojitahidi kutoka. Dodoso la SCOFF lina maswali 5 tu. Anayejibu ndiyo kwa mawili au zaidi asiingizwe, na apewe mahali pa kupata msaada kwa lugha isiyomhukumu. Usionyeshe kalori kwenye skrini ya mshiriki kama huzihitaji.

Kisha dalili za hatari: damu kwenye choo, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kuharisha kwa muda mrefu au mabadiliko ya haja kubwa, upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, kupungua uzito bila sababu. Vijana wengi wenye saratani ya utumbo hucheleweshwa kwa miezi kwa sababu wao wenyewe, na wakati mwingine hata wahudumu, hudhani ni bawasiri. Jaribio lako linaweza kuongeza ucheleweshaji huo. Mtu ataona damu, atajiambia "nipo kwenye utafiti wa saratani, wananiangalia", na atangoja. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko kosa lolote la kitakwimu.

Kwa hiyo maswali haya yarudiwe kila unapompima mtu, na kila jibu la ndiyo lifungue ujumbe wa wazi papo hapo. Mfano:

"Umetuambia umeona damu kwenye choo. Mara nyingi chanzo si saratani, lakini daktari anapaswa kukuchunguza bila kusubiri. Utafiti huu hauwezi kukupima wala kukutibu. Tafadhali nenda kituo cha afya wiki hii na uwaonyeshe barua hii. Mmoja wetu atakupigia simu ndani ya siku mbili za kazi."

Barua iwe tayari kupakuliwa, na huyo wa kupiga simu awe na jina kwenye ratiba yenu, na wa kumshikia zamu akiwa likizo.

Hatua ya 6: Kutangaza, na kupambana na akaunti bandia

Tangazo likitaja malipo, wadanganyifu na programu za kujaza fomu watafika kabla ya washiriki halisi. Utaona maombi mengi usiku mmoja, majibu yanayofanana neno kwa neno, dodoso la dakika 20 lililojazwa kwa dakika 2. Usitegemee kinga moja. Weka swali lililofichwa ambalo binadamu halioni, thibitisha namba ya simu, uliza umri mara moja na tarehe ya kuzaliwa mara nyingine, zuia maombi yanayojirudia, na kabla ya kugawa watu fanya simu fupi ya video na kila mmoja. Dakika 5 zinatosha kumwona mtu, kusikia kama ameelewa, na kumpa sura ya kumkumbuka. Simu hiyo pia ndiyo inayowafanya wengi wabaki.

Ukitangaza kwenye mitandao ya kijamii peke yake, utapata wanawake wenye elimu ya juu ambao tayari wanakula vizuri. Weka mgawo wa jinsia, elimu na mlo wa mwanzo, na kundi likijaa funga mlango wake. Anayekula gramu 30 za nyuzinyuzi tayari hana cha kukuonyesha.

Hatua ya 7: Wiki ya majaribio kisha nasibu

Kabla ya kumgawa mtu, mpe wiki moja ya kujaza kumbukumbu za mlo bila kubadilisha chochote. Asiyemaliza wiki hiyo asingemaliza wiki 12, na ni heri aondoke sasa kuliko baada ya kugawiwa. Mgawo ufanywe na mfumo, kwa mafungu yenye ukubwa unaobadilika, ili mtafiti asiweze kukisia mtu anayefuata ataangukia wapi.

Hatua ya 8: Kupima mlo kwa ukweli

Hapa weka bajeti yako kubwa. Watu husahau, hukadiria vibaya, na wanaofundishwa kula kunde huripoti kunde zaidi ya walizokula kwa kuwa wanajua ndizo unazotaka kusikia. Kosa hilo linaelemea upande mmoja: kundi la mlo ndilo linalopamba majibu, kwa hiyo unaweza kupata "matokeo mazuri" ambayo hayapo kwenye sahani ya mtu yeyote.

Tumia kumbukumbu ya saa 24, si swali la "kwa kawaida unakula nini". Mfumo mzuri humpitisha mtu kwa awamu. Kwanza anaorodhesha haraka alichokula jana, bila kukatizwa. Pili anaulizwa vinavyosahaulika: vinywaji, vitafunwa, sukari kwenye chai, kilichoonjwa wakati wa kupika. Tatu, saa na mahali. Nne, undani: mkate mweupe au wa unga usiokobolewa, vipande vingapi, vya unene wa picha ipi kati ya hizi? Mwisho, kama kuna kilichobaki. Picha za vipimo vya chakula zilingane na vyakula ambavyo washiriki wako wanakula kweli, na hifadhidata ya virutubisho iwe navyo, la sivyo mtu atachagua kinachokaribiana na makosa yatajikusanya kimyakimya.

Siku moja haitoshi, maana mlo wa mtu hubadilika sana siku hadi siku. Chukua angalau siku 3 kila kipindi, mojawapo ikiwa ya wikendi, na mtumie kiungo bila kumtaarifu mapema, ili asije akajiandaa.

Kisha tafuta shahidi asiyeweza kudanganya. Potasiamu kwenye mkojo hufuata matunda na mboga. Karotenoidi, yaani rangi asilia za mimea, kwenye damu hufuata mboga na matunda yenye rangi. Alkiliresosinoli, kemikali za kwenye ganda la nafaka, kwenye damu huonyesha ngano na shayiri nyekundu (rye) zisizokobolewa. Huna fedha za kuwapima wote? Chagua sehemu yao kwa nasibu na uwatumie vifaa vya sampuli nyumbani. Sampuli za choo zinahitaji chupa yenye kihifadhi na maelekezo ya picha, yaliyoandikwa waziwazi bila kuzungukazunguka. Mtu akiona umeona aibu kuliandika, naye ataona aibu kulifanya.

Hatua ya 9: Kuwafanya wabaki

Wengi huondoka mapema, katika wiki za kwanza. Kwa hiyo mawasiliano yako yawe mengi mwanzoni na yapungue baadaye. Dodoso fupi linashinda dodoso kamilifu. Malipo yafuate kujaza dodoso, kamwe yasifuate kufikia lengo la mlo, maana ukilipia lengo unalipia uongo. Mtu akikosa kujaza, ujumbe wa kwanza umuulize hali yake. Anayetaka kuacha mlo lakini yuko tayari kuendelea kujaza madodoso ni hazina. Mpe chaguo hilo kwenye skrini moja kwa moja.

Hatua ya 10: Uchambuzi na yanayofuata

Chambua kila mtu katika kundi alilogawiwa, hata kama hakugusa dengu hata moja. Ripoti waliojitoa kwa kila kundi na sababu zao, na shughulikia takwimu zilizokosekana kwa njia uliyoiandika mapema. Ukiwa na viashiria vya mwili kwa sehemu ya washiriki, linganisha na walichosema, na uchapishe pengo lililopo. Katika uwanja huu pengo hilo ni matokeo yenye thamani sawa na jibu kuu. Mwongozo wa kuripoti majaribio uitwao CONSORT, wa mwaka 2025, utakuonyesha yapi ya kutaja. Usiandike popote kwamba mlo wako "umezuia saratani".

Na fanya jambo moja ambalo haligharimu kitu likifanywa mwanzoni na haliwezekani tena likisahauliwa: kwenye ridhaa, omba ruhusa ya pekee, inayoweza kukataliwa bila mtu kutolewa kwenye jaribio, ya kumtafuta tena baadaye na kuunganisha taarifa zake na rejista ya saratani. Chukua mawasiliano mawili tofauti, kwa kuwa namba za simu hubadilika, na mtumie kila aliyeridhia ujumbe mara moja kwa mwaka pamoja na matokeo kwa lugha nyepesi. Majaribio madogo yakitumia vipimo vinavyofanana na kupewa ruhusa kama hiyo, yanaweza siku moja kuunganishwa hadi kufikia idadi ya watu na miaka ambayo hakuna jaribio moja linaloweza kuifikia.